Chuma Hakitoshi: Kweli na Uongo Kuhusu Usalama wa Nyumba Kariobangi

Kariobangi Light Industries, kando ya Outering Road, hutengenezwa karibu kila kitu cha chuma ambacho familia ya Eastlands hununua ili ipate usingizi: milango, mageti, grili za madirisha, komeo, bawaba. Mafundi wa hapo ni hodari, na mlango wao haufunguki kwa teke. Ila hofu inayompeleka mteja kwa fundi ni ya aina moja tu, hofu ya mwizi. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kabla ya kulipa: moto ukiwaka ndani saa nane za usiku, msichana wangu wa darasa la pili ataweza kuufungua mlango huu?

Swali hilo nataka tulibebe tunapozipima imani zilizozoeleka katika ploti zetu. Nimezisikia kwa kinyozi, kwenye foleni ya maji na katika mikutano ya wapangaji. Chache ni kweli tupu. Nyingine zina ukweli nusu. Na zipo zinazoua.

“Weka grili kila dirisha, ndipo familia iwe salama.”

Nusu kweli, na nusu iliyobaki ni ya hatari.

Grili humzuia mwizi, hilo halina ubishi. Ghorofani humzuia pia mtoto mdogo asianguke, na kwa jinsi majengo yetu yalivyopanda juu, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuiweka. Lakini chuma hakibagui. Kinachomzuia mtu kuingia humzuia mwingine kutoka.

Kenya ilifundishwa hilo kwa uchungu. Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Moto uliwashwa makusudi. Lakini madirisha yalikuwa na vyuma na mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na wavulana wengi walifia ndani wakitafuta pa kutokea. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni unaosema wazi kwamba madirisha ya bweni yasiwe na grili, milango ifunguke kuelekea nje, na isifungwe kwa nje wakati wowote wanafunzi wakiwa ndani. Hayo serikali iliyaandikia shule. Nyumbani, mtoto yuleyule anaporudi likizo, tunamlaza nyuma ya vyuma na kufuli bila kumwonyesha ufunguo uko wapi.

Tazama pia jinsi mtaa wenyewe ulivyobadilika. Ploti za Kariobangi zilipogawanywa miaka ya 1960, zilikuwa za nyumba za chini, vyumba vimezunguka ua. Leo ploti hizohizo zimebeba ghorofa kadhaa, nyingi zikiwa na ngazi moja na geti moja. Ngazi hiyo utaikuta imewekwa magunia ya makaa, baiskeli, mapipa ya maji na jiko la jirani anayependa kupikia nje. Geti nalo hufungwa usiku, na ufunguo ukalala chumbani kwa keateka. Keateka akisafiri kwenda kwao kwa mazishi, ufunguo huwa na nani? Uliza leo. Katika ploti ya familia ishirini, ni haki ya kila mpangaji aliye mtu mzima kuwa na ufunguo wa geti, na landilodi anayekataa aelezwe kwamba asipofanya hivyo anawafungia watu, hawalindi.

Kwa wanaokaa chini, suluhisho ni la bei ndogo: dirisha moja la chumba cha kulala liwe na grili yenye bawaba, ifunguke kama mlango, ifungwe kwa kufuli ya ndani. Fundi yeyote wa Light Industries anaijua kazi hiyo. Ufunguo uning'inizwe kwenye msumari mmoja usiohama, mbali na mkono wa mtu aliye nje ya dirisha, lakini mahali ambapo mtoto anayeweza kufungua kufuli ataufikia bila kiti. Kisha fanyeni mazoezi. Zimeni taa jioni moja, mwambie kila mtoto atambae hadi mlangoni, aushike ufunguo, afungue. Kutambaa si mchezo. Moshi hupanda juu, na hewa inayoweza kuvutwa hubaki karibu na sakafu. Watu wengi wanaofia katika nyumba zinazoungua huangushwa na moshi kabla mwali haujawafikia.

“Mtoto akifungiwa ndani kwa kufuli hakuna atakayemdhuru.”

Uongo. Ninauandika nikijua kwa nini mama hufanya hivyo. Anaondoka alfajiri kwenda kufua nguo Buruburu au kufungua kibanda chake, hana pesa za kulipa mtu, na barabarani kuna magari na watu asiowaamini. Kufuli linaonekana kuwa mlezi wa bure. Lakini mtoto aliyefungiwa ana kiberiti ndani, ana stovu ya mafuta, ana ndoo ya maji, ana waya za stima, na hana mlango. Jirani atakayesikia kilio atalazimika kuvunja chuma kilichotengenezwa kisivunjike.

Kama hakuna njia nyingine kabisa, basi ufunguo wa pili ubaki kwa jirani anayeshinda nyumbani, na jirani huyo aambiwe waziwazi kwamba watoto wamo ndani. Wanawake wawili wa ploti moja wakipeana zamu ya siku, tatizo kubwa hupungua nusu. Na tusidanganyane kwamba mdhuru wa mtoto huwa mgeni anayepita njiani. Mara nyingi anayemnajisi mtoto ni mtu anayemfahamu: jamaa, jirani, rafiki wa familia. Kufuli haliwezi kumzuia mtu aliyepewa ufunguo. Mtoto anayeaminiwa akisema jambo ana ulinzi mkubwa kuliko wa kufuli, na nambari 116, ya kuwasaidia watoto, hupigwa bila malipo kutoka simu yoyote nchini.

“Makaa yakishaiva na moshi ukaisha, jiko halina neno.”

Uongo, na ndio unaorudi kila mwaka Nairobi ikiingia baridi ya Juni na Julai. Familia inapika, makaa yanabaki mekundu, mtu anaona ni hasara kuyamwaga, jiko linaingizwa chumbani lipashe joto, mlango unafungwa, na vitambaa vinasukumizwa chini ya mlango kuzuia upepo. Asubuhi majirani wanagonga bila kujibiwa.

Gesi inayoua hapo ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Hutoka kwa wingi hasa makaa yanapowaka polepole katika chumba kisicho na hewa ya kutosha, yaani wakati uleule tunaposema yameiva. Ikiingia mwilini hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hivyo mtu huzidi kukosa hewa huku akipumua kama kawaida. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na ndiyo maana wengi hufikiri ni uchovu wa siku. Ishara ya kuitilia maanani ni hii: watu wawili au zaidi wa chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa pamoja, na jiko liko ndani, tokeni nje nyote mara hiyo. Usianze kutafuta dawa. Aliyezirai abebwe hadi kwenye hewa, kisha apelekwe hospitali hata akizinduka.

“Nimeacha dirisha wazi kidogo,” watu husema. Upenyo mdogo haumtoshi mtu anayelala na jiko. Jiko lilale nje, limekwisha kuzimwa, na si kwenye ngazi. Baridi ya Kariobangi ni kali, lakini blanketi la pili la mtumba ni rahisi kuliko mazishi.

“Gesi ikikaribia kuisha, laza mtungi uipate iliyobaki.”

Uongo. Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika, na juu yake hukaa mvuke. Mtungi ukisimama, unaopanda kwenye mpira ni mvuke. Ukiulaza au kuupindua, kimiminika kinaweza kupita kwenye regula, na mwali ukaruka ghafla kwa urefu usioutarajia. Kuutumbukiza mtungi katika maji ya moto ni ujinga wa aina hiyohiyo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini ikatoka. Hushuka sakafuni, ikajaza pembe, ikaingia chini ya kitanda, ikangoja cheche. Katika chumba kimoja ambamo jikoni na kitandani ni hatua mbili, hapo ndipo mtoto analala. Ile harufu kali huongezwa kiwandani makusudi ili tuonywe, maana gesi yenyewe karibu haina harufu. Ukiinusa usiguse swichi, si kuwasha wala kuzima. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toa watu, uuache mlango wazi. Anayetaka kujua mpira unavuja wapi apake povu la sabuni. Povu likichemka, hapo ndipo. Kiberiti si kipimo.

Na mtungi wa bei ya chini isiyoelezeka, uliojazwa kwenye uchochoro bila muhuri, usiunune. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka mahali palipokuwa pakijaziwa gesi kinyume cha sheria Embakasi, katikati ya makazi. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa nyumbani kwao. Mamlaka ya kusimamia kawi na mafuta, EPRA, ilieleza kwamba maombi ya kujenga kiwanda hapo yalikuwa yamekataliwa. Waliokuwa wamelala nyumba za jirani walikuwa wamefunga milango yao vizuri tu.

Mafuta ya taa nayo yana imani yake: “Stovu hailipuki, ni mpikaji mzembe.” Mara nyingine uzembe upo, kama wa kujaza mafuta stovu ikiwa bado inawaka. Lakini mafuta yaliyochanganywa na petroli hulipuka hata kwa mpikaji mwangalifu. Nunua kwenye kituo cha mafuta kinachojulikana, si kwenye chupa ya kando ya njia. Na usiyaweke kamwe katika chupa ya soda. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, anajua chupa ya soda ina utamu.

“Swichi ikirukaruka, fundi aweke kubwa zaidi.”

Uongo. Swichi ya bodi inayojizima inafanya kazi yake: waya umebeba mzigo kuliko uwezo wake. Ukiweka kubwa zaidi, waya utaendelea kupata moto ndani ya ukuta bila kitu cha kuukatiza. Vivyo hivyo plagi ambayo fyuzi yake imeungua ikawekewa kipande cha waya au karatasi ya sigara. Katika nyumba za Eastlands utaona ekstensheni moja ikibeba runinga, friji, pasi na birika, kisha ekstensheni nyingine imechomekwa ndani yake. Pasi na birika ndivyo vinavyovuta umeme mwingi zaidi. Vipewe soketi ya ukutani, na visitumike pamoja.

Kuhusu sambaza, ule umeme wa kuunganishiwa na kijana wa mtaa, sitamlaumu mama aliyewekewa waya kabla hajapanga na hana la kufanya. Lakini waya huo hauna swichi ya kuukatiza, mara nyingi umepita juu ya mabati, na mvua ikinyesha ukuta wote unaweza kuwa na stima. Kenya Power hupatikana kwa nambari 97771. Waya ukianguka njiani, zuia watoto wasiukaribie na piga, hata kama si wako.

Moto wa stima usiumwagie maji. Zima swichi kuu kwanza. Mafuta ya kukaangia yakishika moto pia usimwage maji, yatalipuka na kukurukia. Funika sufuria kwa kifuniko au sinia, zima jiko, usiiinue. Ndoo ya mchanga karibu na mlango haina gharama, na wajenzi hawakosekani mtaani.

“Mwizi ni wa usiku.”

Nusu kweli. Hata sheria inajua kuna wa mchana. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inatenganisha kuvunja nyumba mchana, kifungo chake kikifika miaka 7, na kuivunja usiku, ambako kinafika miaka 10. Usiku wenyewe sheria imeupimia saa: kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Usiku ndio wenye adhabu kali kwa sababu watu wamo ndani. Lakini anayetaka runinga na mtungi wa gesi tu hupendelea nyumba isiyo na mtu, nayo Kariobangi hubaki tupu kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, watu wakiwa kazini na watoto shuleni. Anakuja amevaa ovaroli, amebeba kisanduku cha vifaa, anamwambia mlinzi ameitwa kutengeneza king'amuzi cha nyumba ya juu. Hakuna anayemuuliza. Mlinzi akipewa neno moja tu, kwamba hakuna fundi anayepanda bila mwenye nyumba kupigiwa simu, njia hiyo imefungwa.

“Kufuli kubwa linaloning'inia nje humwambia mwizi hakuna mtu.”

Kweli kabisa. Kitasa cha ndani ya mlango hakisemi lolote kwa anayepita.

“Mwizi hapigi nyumba moja mara mbili.”

Uongo, na huu unastahili kukaa nao kidogo kwa sababu umechunguzwa vizuri.

Miaka ya 1980, mtaa wa nyumba za halmashauri uitwao Kirkholt, katika mji wa Rochdale kaskazini mwa Uingereza, ulikuwa umelemewa na wizi wa majumbani. Watafiti walipohesabu visa waligundua kwamba nyumba iliyovunjwa ilikuwa na uwezekano mkubwa kuliko nyingine wa kuvunjwa tena, na mara nyingi upesi. Sababu si fumbo. Mwizi ameshajua mlango, ameshajua alichokiacha, na anajua wenyewe watanunua kipya. Waligundua pia kwamba nyumba nyingi zilikuwa na mita za stima na gesi za kutumbukiza sarafu, yaani kila nyumba ilikuwa na kisanduku cha pesa ukutani. Basi mita hizo zikaondolewa, kufuli za nyumba zilizoibiwa zikaimarishwa mara moja, na majirani wachache wanaoizunguka kila nyumba iliyoibiwa, kama sita hivi, wakaombwa waitazame. Si mtaa mzima, ni wale sita. Katika miezi mitano wizi ulipungua kwa asilimia 40 hivi. Baada ya miaka mitatu ulikuwa umepungua kwa asilimia 75.

Ninaupenda mfano huo kwa sababu hauna mashine yoyote ambayo Kariobangi haiwezi kuipata. Aliyeibiwa huku kwetu hupewa pole siku moja, kisha anaachwa. Wiki zinazofuata ndizo anazohitaji macho ya watu: komeo libadilishwe siku hiyohiyo, hata kwa mkopo wa chama, na jirani wa mbele, wa juu na wa pembeni waombwe kwa majina. Na pesa za chama zisilale nyumbani. Mweka hazina anayejulikana kuwa na sanduku chini ya kitanda amewekwa hatarini na wenzake.

Kuripoti polisi ni lazima hata kama huna matumaini ya kupata kitu. Nambari ya ripoti hiyo, yaani ya OB, husaidia simu au runinga ikipatikana kwa mtu mwingine. Ndiyo maana nambari za vifaa huandikwa mapema. Ya simu huonekana ukibonyeza *#06#. Iandike kwenye daftari la shule la mtoto, iwe mbali na simu yenyewe.

“Wezi wote hutoka Korogocho.”

Uongo, na ni uongo wenye dharau. Nani huibiwa zaidi ya mama wa Korogocho ambaye mlango wake ni wa mabati? Mwizi hupendelea mahali anapopajua, mahali anapojua nani hutoka saa ngapi, kwa hivyo tafuta pia katika vichochoro vyako mwenyewe. Kijana kutoka Korogocho aliyekuja kununua vyuma chakavu Light Industries si mshukiwa kwa sababu ya alikotoka.

“Taa ikiwaka usiku kucha, wezi hawaji.”

Kweli kwa kiasi kikubwa, mradi iwe taa ya wote. Wakazi wa mitaa ya chini Nairobi waliziita zile nguzo ndefu za taa “mulika mwizi”, na jina lilikuwa na sababu. Mjini New York, mwaka 2016, mitaa ya nyumba za umma ilichaguliwa kwa kura kuwekewa taa kali, na makosa makubwa ya usiku nje ya nyumba yakapungua kwa takriban asilimia 36. Nguzo ikizimika, jukumu la kuripoti ni la kila anayepita chini yake. Taa yako ndogo ya mlangoni ina faida ikiangaza ngazi na korido ambako jirani anaweza kuona. Ikiangaza ukuta tu wa nyuma usiotazamwa na yeyote, inamwonyesha mwizi kazi yake.

“Mwizi mmoja akichomwa, mtaa unatulia.”

Uongo. Tumeshuhudia tairi likiwashwa na wezi wakaendelea. Anayeuawa na umati wakati mwingine ni mwizi wa kuku, wakati mwingine ni kijana aliyekimbia kwa woga, na watoto wetu wakisimama pale huondoka wamejifunza kuua. Kisheria ni mauaji, awe na hatia au asiwe nayo. Mshike, mfunge, piga 999 au 112.

Kariobangi ina sababu ya pekee ya kuogopa haki ya mkononi. Machi 2002, mzozo kati ya Mungiki na kundi la vijana lililojiita Taliban, makundi yaliyodai kulinda mitaa na kutoza watu ada, uliishia Kariobangi North kwa mauaji ya usiku mmoja: watu zaidi ya 20 walikatwakatwa kwa mapanga na mashoka, wengi wakiwa wapita njia na wakazi wa kawaida. Serikali ikapiga marufuku makundi hayo. Tangu hapo, mtu akibisha kudai ada ya ulinzi ninauliza mambo matatu: jina lake, kitabu chake cha risiti, na nani anayeweza kumfuta kazi. Mlinzi asiyeweza kufutwa kazi na wanaomlipa ni bwana wao.

“Nyumba Kumi ni ya kuchunguzana tu.”

Nusu kweli, inategemea nani anaongoza. Mpango huu Kenya iliuchukua kutoka kwa mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania, walioanza enzi za TANU, na ukatangazwa mwaka 2013 kwa mkazo mpya baada ya shambulio la Westgate, Joseph Kaguthi akiwa mwenyekiti wake. Ulipogeuzwa kuwa masikio ya chifu, watu waliukimbia, na walikuwa na haki. Ulipobaki kuwa majirani wanaojuana kwa majina na nambari za simu, ulifanya kazi ileile ya wale sita wa Kirkholt.

Hapo jirani, Dandora, vijana wakiwemo Charles Gachanga walianza mwaka 2013 na ua mmoja uliokuwa umejaa takataka. Wakausafisha, wakapanda miti, wakaweka geti, na wakazi wakachanga kidogo kila mwezi ili vijana haohao wafagie na walinde. Kutoka hapo ikazaliwa Dandora Transformation League na mashindano ya kupamba nyua, na nyua nyingine nyingi zikafuata. Watu waliona watoto wakicheza mahali ambapo zamani hawakuthubutu kupita jioni. Kijana aliyeogopwa langoni amelipwa kulilinda, na kila mtu anajua mama yake ni nani.

“Aliyeungua apakwe dawa ya meno, aliyekunywa mafuta ya taa atapishwe.”

Uongo mara mbili. Kidonda cha moto humwagiwa maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hufunikwa kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, yai, unga na siagi hushika joto ndani na kuleta uchafu. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe kwa maziwa wala kidole, kwa sababu mafuta yakirudi juu huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Mpeleke hospitali na uibebe chupa.

“Zimamoto hawafiki, usipoteze muda kuwapigia.”

Uongo, ingawa ninaelewa ulikotoka. Gari likitoka kituo cha Tom Mboya Street lina foleni ya Jogoo Road au Juja Road mbele yake, kisha vibanda, kisha kichochoro kisicho na jina. Ndiyo maana pigia wakati wa moshi, si wakati wa paa kuanguka. Nambari 999 na 112 hazilipishwi. Nyumba zetu nyingi hazina nambari, kwa hivyo taja steji, shule, kanisa au msikiti ulio karibu zaidi, na useme ni ghorofa ya ngapi na kama kuna watu ndani. Mtu mmoja akimbie hadi barabara kuu alingojee gari, na wengine wasogeze mikokoteni na magari yaliyoegeshwa kwenye njia. Haya yazungumzwe katika mkutano ujao wa wapangaji, na keateka aandike nambari hizo kwa rangi kwenye ukuta wa ngazi, chini kidogo, mahali ambapo mtoto anaweza kuzisoma.